Mwanafunzi Akirudishwa Nyumbani Kabla ya Wakati

Somo la wazazi, vijana na vikundi

Katika mikutano ya vikundi tumeulizwa swali moja mara nyingi: kijana wa chuo akirudishwa nyumbani katikati ya muhula, tumfanyeje? Si swali la zamani. Migomo ya wahadhiri wa vyuo vikuu vya umma mwaka 2024, na tena 2025, iliwaleta watoto wetu nyumbani na mabegi yao, na hakuna aliyejua watarudi lini. Kwa hivyo tumeona vyema turudi nyuma kidogo, tutazame ile mara kubwa kuliko zote, yaani wakati wa korona. Manake pale ndipo tulipoona kwa macho yetu nani alirudi chuoni na nani hakurudi.

Tuseme mapema lile tulilojifunza. Wengi waliokatika masomo hapa kwetu walikuwa na akili za kutosha, na wengine hata karo ilikuwa imepatikana. Walikatika kwa sababu ya kunyamaza. Walinyamazia chuo, na nyumbani nako walinyamaziana na wazee wao, mpaka siku ya kurudi ilipofika ikawa hakuna tena mlango wa kurudia.

Yaliyotokea

Hebu tukumbushane. Shirika la Afya Duniani lilitangaza korona kuwa janga la dunia tarehe 11 Machi 2020. Siku mbili baadaye mgonjwa wa kwanza akatangazwa Kenya, na Jumapili ya tarehe 15 Rais Uhuru Kenyatta akaamuru shule zote zifungwe. Vyuo vikuu vilipewa mpaka Ijumaa tarehe 20 kuwa vimefunga. Mnakumbuka wiki ile. Vijana waliokuwa Mombasa, Kilifi na Nairobi walipanda mabasi na kile walichoweza kubeba, wengi wakiamini ni mambo ya mwezi mmoja. Vitabu vikubwa waliviacha hosteli. Kuna aliyetuambia aliacha hata daftari la hesabu juu ya kitanda, manake alijua atalikuta.

Tarehe 27 Machi kafyu ikaanza, saa moja usiku mpaka saa kumi na moja alfajiri. Mwanzoni mwa Aprili Nairobi ikafungwa isiingike wala kutokeka, kisha Kilifi, Kwale na Mombasa. Kaunti yetu ya Lamu haikufungwa hivyo, lakini tazama ramani: barabara yetu ya kwenda chuo chochote cha pwani inapita Garsen, Malindi na Kilifi. Kilifi ikifungwa, sisi nasi tumefungwa. Daftari lile la hesabu halikufuatwa mpaka Julai, vizuizi vilipoondolewa.

Kibaya zaidi ni kwamba hakuna aliyejua itachukua muda gani. Tukisikiliza majirani ndiyo tulizidi kuchanganyikiwa. Tanzania ilifunga vyuo katika Machi hiyo hiyo na kuvifungua tena tarehe 1 Juni 2020. Uganda nayo shule zilibaki zimefungwa, mara zikifunguliwa kwa madarasa machache tu, na hazikufunguliwa kwa wote mpaka Januari 2022. Hapa Kenya tuliambiwa Julai kwamba mwaka wa shule umepotea. Oktoba 12 wakarudi wa Gredi ya 4, Darasa la 8 na Kidato cha 4 peke yao, na wengine wakarudi Januari 4, 2021. Vyuo vikuu vilifunguliwa kwa awamu, kila kimoja na tarehe yake. Mzazi wa Kililana angepangaje hapo? Ndiyo maana hatuwalaumu wazazi sana katika somo hili. Nasi wenyewe hatukujua.

Likizo au masomo?

Tuzungumze juu ya binti mmoja wa hapa kwetu. Jina lake tunaliacha, ila yeye mwenyewe ameturuhusu kusimulia. Alikuwa mwaka wa pili. Alifika nyumbani mwisho wa Machi, na masika ilikuwa inakaribia. Wakulima mnajua maana yake. Asubuhi ya pili alipewa jembe. Halafu ikaja zamu ya kulinda mahindi yasiliwe na nyani, halafu maji, halafu wadogo zake wanne ambao nao hawakuwa shuleni. Hakuna aliyemwonea. Mtu mzima mwenye nguvu akija nyumbani wakati wa kulima, analima.

Katikati ya Mei chuo kilitangaza kwamba masomo yataendelea kwa mtandao. Ujumbe uliingia kwenye simu yake. Hakumwambia mtu yeyote kwa wiki mbili. Tulipomuuliza kwa nini, alisema, "Niliona baba hana kazi, hoteli alikokuwa akifanya Lamu imefungwa. Nitaanzaje kusema nataka pesa za bando?"

Mamake aligundua kwa bahati. Alimkuta binti usiku nyuma ya nyumba anaandika kwa mwangaza wa simu.

"Mwanangu, unaandika nini saa hizi?"

"Ni kazi ya chuo, mama. Tulipaswa kuipeleka jana."

"Jana? Kwani chuo kimefunguliwa?"

"Kimefunguliwa kwa simu, mama. Tangu wiki mbili."

"Na mimi nakutuma maji kila saa! Mbona hukusema?"

Mama huyo hakusoma zaidi ya darasa la saba, lakini alifanya jambo ambalo sisi viongozi wa vikundi hatukuwa tumelifikiria. Kesho yake aliwakalisha wote chini, baba, watoto, na nyanya yao pia, akauliza: kuanzia leo, chuo hiki ni cha saa ngapi mpaka saa ngapi? Wakapatana. Kuanzia saa kumi na moja alfajiri hadi saa tatu asubuhi binti ni wa chuo, hatumwi. Saa tatu mpaka adhuhuri ni wa shamba kama wengine. Jioni, saa kumi hadi saa kumi na mbili, ni wa chuo tena. Kaka yake wa miaka kumi na mitatu alipewa kazi ya maji ya asubuhi. Alinung'unika, lakini aliifanya.

Tunataka mzazi aone jambo hapa. Familia haikununua chochote siku ile. Ilichobadilisha ni kuyafanya masomo yawe na saa zake, zijulikane na kila mtu mpaka mtoto mdogo. Kabla ya hapo binti alikuwa akisoma kwa kuiba wakati, na mtu anayeiba huwa na wasiwasi. Hasomi vizuri.

Hesabu ya bando

Sasa mambo ya pesa. Wakati huo UNESCO ilihesabu zaidi ya wanafunzi bilioni 1.5 duniani waliokuwa nje ya madarasa, na kila mahali dawa iliyotajwa ilikuwa ile ile: mtandao. Haya, mtandao upi wa Kililana? Kuna mahali shambani simu inashika na hatua kumi mbele haishiki. Vijana walikuwa wakikutana chini ya mwembe mmoja kwa sababu hapo ndipo mawimbi yanapopita, na watu wakadhani ni genge.

Binti yetu alijifunza kwa kuungua. Bando la kwanza la wiki liliisha siku moja, kwa sababu alifungua darasa pamoja na picha. Ni vizuri kila mzazi ajue hesabu hii ili asidhani mtoto anachezea pesa. Saa moja ya darasa la mtandao lenye picha inaweza kula mamia ya megabaiti. Darasa hilo hilo, ukizima picha na kubaki na sauti tu, linakula makumi. Maandishi yaliyoandaliwa na mwalimu, yale ya kusoma tu, mara nyingi ni megabaiti chache, na ukishayapakua mara moja unayasoma mwezi mzima bila senti.

Kwa hivyo wale watano wa mwembeni walipanga hivi. Mmoja wao, ambaye simu yake ilikuwa nzuri, alikuwa akisikiliza darasa lililo muhimu na kuandika, kisha wengine wananakili kwake. Maandishi yakipakuliwa na mmoja, yanapitishwa simu kwa simu bila kutumia bando. Hawakuwa wa kozi moja, lakini wawili walikuwa wa ualimu na wawili wa biashara, na masomo ya mwaka wa kwanza na wa pili hufanana. Walichangishana pesa za bando Jumamosi. Tuliporudi kuwauliza wengine walitoa hesabu kamili, mpaka shilingi kumi ya nani ilibaki.

Kuchaji simu ilikuwa kwa sola ya jirani. Na jirani huyu, tuseme wazi, ni Mwislamu, na nyumba yake ndiyo iliyochaji simu za watoto wa kanisa letu kwa miezi saba bila kudai kitu. Tulipotaka kumshukuru alisema watoto ni watoto.

Tulipokosea sisi

Jarida hili limezoea kueleza yaliyokwenda vizuri. Leo tueleze na la kwetu. Vizuizi vilipolegezwa, kikundi chetu kilitoa meza mbili, benchi na taa ya sola, tukasema vijana waje wasome jioni, kila mmoja na barakoa yake, wakae mbalimbali. Tulijisifu. Baada ya mwezi mmoja mama mmoja alituuliza kama tumewahi kuhesabu. Tukahesabu. Waliokuwa wakija ni wavulana tisa na msichana mmoja, naye alikuwa anaishi nyumba ya pili kutoka hapo. Jioni ni saa ya jikoni! Na tena ni saa ambayo mzazi hataki binti awe njiani, hasa huku kwetu ambako tumeshazoea kuogopa giza tangu mashambulizi ya 2014. Tulihamisha saa zikawa za mchana, baada ya saa nane, na ndipo wasichana wakaanza kuja. Kosa lilikuwa dogo na kulirekebisha kulikuwa rahisi, ila mwezi mmoja ulikuwa umekwisha kupotea.

Kuna jambo lingine hatukuliona upesi: upweke. Kijana aliyezoea wenzake mia anakaa shambani, habari zote ni za vifo, na hajui kama miaka yake miwili chuoni itakuwa ya bure. Wengine walilala mchana kutwa, wazee wakasema ni uvivu. Ikiwa kijana wako hali vizuri, hataki watu, anasema mambo ya kukata tamaa, usimgombeze. Kaa naye, umuulize kwa utaratibu, na mpeleke kituo cha afya kama ungempeleka akiwa na homa.

Yule aliyekwenda kibarua

Miongoni mwa wale wa mwembeni alikuwako kijana wa mwaka wa tatu. Wakati huo ujenzi wa bandari ya Lamu, ambayo kama mjuavyo iko hapa hapa Kililana, ulikuwa ukiendelea. Gati ya kwanza ilifunguliwa rasmi baadaye, tarehe 20 Mei 2021. Kibarua kilikuwapo kwa mwenye mgongo. Kijana alikwenda mwezi mmoja ili apate pesa za bando na unga wa nyumbani. Tunasema kweli, alifanya la heshima. Nyumba yao ilikula kwa mkono wake.

Mwezi ukawa mitatu, mitatu ikawa mwaka. Chuo chake kilipoanza muhula kwa mtandao hakujiandikisha. Kilipofungua milango hakwenda, kwa sababu alikuwa na deni la karo na aliona haya. Hakupiga simu, hakuandika. Alituambia, "Nilidhani wanajua kuna korona. Si kila mtu alijua?"

Alipokwenda mwishowe, mwaka 2022, aliambiwa jina lake halimo tena katika orodha ya wanafunzi. Hakufukuzwa kwa kosa. Alikuwa amehesabiwa kama mtu aliyeacha mwenyewe. Na mwenzake mmoja, ambaye naye alikwenda kibarua hicho hicho kwa muda ule ule, alirudi chuoni akaendelea pale alipoachia. Tofauti yao ni karatasi moja. Yule wa pili alikuwa ameandika barua ya kuahirisha masomo, kwa sababu shangazi yake, karani, alimkalisha na kumwandikisha.

Barua yenyewe

Wengi hawajui kwamba mwanafunzi ana njia ya kusimama bila kutoka. Vyuo vina utaratibu wa kuahirisha muhula au mwaka, kwa ugonjwa, kukosa karo, kujifungua au shida ya nyumbani. Kila chuo kina masharti yake na mwisho wa siku za kuomba, na hayo yamo katika kijitabu cha kanuni ambacho mwanafunzi hupewa siku ya kwanza na kukitupa siku ya pili. Kitafuteni.

Barua iende kwa msajili wa masomo, na nakala kwa mkuu wa idara. Iandikwe kwa Kiingereza kama chuo kinavyotaka, lakini iwe na mambo haya: jina kamili kama lilivyo katika kitambulisho, nambari ya usajili, kozi na mwaka, muhula unaoomba kuahirisha, sababu kwa sentensi mbili au tatu bila kulia sana, na tarehe unayotarajia kurudi. Kwa mfano: "Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa tatu, nambari fulani. Naomba kuahirisha muhula wa kwanza. Baba yangu amepoteza kazi na sijaweza kulipa karo wala kupata mtandao wa kusomea. Natarajia kurudi Januari. Nimeambatisha barua ya chifu." Basi. Haihitaji maneno makubwa.

Ukiipeleka kwa barua pepe, ihifadhi. Ukiipeleka kwa mkono, nakala yako igongwe muhuri. Halafu subiri jibu, na lisipokuja uliza tena, manake kuomba si kukubaliwa. Jibu hilo la maandishi ndilo mtakalolitunza pamoja na hati ya shamba na vyeti vya kuzaliwa.

Mwenye mkopo wa HELB aiarifu bodi pia. Hili tunalirudia kwa sababu kuna wanaodhani ukiacha chuo mkopo nao unakufa. Haufi. Kwa mikopo ya shahada ya kwanza ya miaka ile riba ni asilimia 4 kwa mwaka, na anayekaa bila kulipa wakati umefika hupigwa faini ya shilingi 5,000 kila mwezi. Tumeona deni lililozidi kile alichokopa kijana, naye hana hata cheti cha kumpatia kazi ya kulilipa. Afadhali kwenda kuongea nao mapema, na kupanga kulipa kidogo kidogo.

Wanaotaka kurudi sasa

Yuko kijana, au mama mwenye watoto wawili sasa, anayesoma hapa na kusema, mimi nilikatika 2020, yangu yamekwisha. Hebu ngoja. Aliyekwenda kibarua tuliyemtaja amerudi masomoni mwaka juzi. Ilimchukua safari tatu na barua nne. Alianza kwa kutafuta karatasi zake: cheti cha KCSE, barua ya kukubaliwa chuoni, matokeo ya kila muhula aliomaliza. Alikiandikia chuo kuomba kurejeshwa. Wakamwambia kozi imebadilika, atarudia baadhi ya masomo. Alikasirika, akakaa wiki mbili, kisha akakubali. Masomo mengine walimhesabia.

Kama chuo cha kwanza hakikuchukui, ulizeni chuo kingine kama kitayatambua masomo uliyokwisha kufaulu. Kenya ina sheria ya mfumo wa kitaifa wa sifa za masomo tangu 2014, na moja ya makusudi yake ni kwamba mtu aweze kubeba alichosoma mahali pamoja akakitumia mahali pengine. Hata hivyo kila chuo kinaamua kitachukua kiasi gani, kwa hivyo uliza kabla ya kulipa chochote, na uombe jibu kwa maandishi.

Haya ya umri tusiyakuze. Kijana wetu anasoma na watoto waliokuwa shule ya msingi alipokuwa mwaka wa tatu. Wanamwita "mzee". Yeye hucheka, na wanakuja kwake kunakili.

Binti wa mahindi na nyani alimaliza mwaka 2023, muhula mmoja nyuma ya wenzake. Kaka aliyepewa kazi ya maji sasa yuko chuoni mwenyewe, na mgomo wa 2025 ulipomrudisha nyumbani alimwambia mama siku ile ile aliyofika saa zake za kusoma ni zipi.

Kwa vikundi

Mkisoma somo hili pamoja, tunaomba mjadili mambo machache. Katika kikundi chenu, ni vijana wangapi walioanza chuo na hawakumaliza? Wahesabuni kwa majina, msikisie. Je, kuna aliyewahi kuwauliza walikatikia wapi? Nyumbani kwenu, mwanafunzi akirudi kesho, ni nani atachukua kazi ya maji ili yeye asome, na mmeshamwambia huyo mtu? Meza ya kusomea mliyo nayo, au mnayotaka kuiweka, ni ya saa ngapi, na ni nani asiyeweza kufika saa hizo?

Mwenye barua ya chuo asiyoielewa ailete Jumapili baada ya ibada. Tutakaa kwenye benchi la nje, chini ya mkorosho, na yule shangazi karani amekubali kuwa nasi.